Siku Baba Kananu Aliposimama

Ukifika kijiji kile kilicho juu ya Nkubu ukauliza habari za Mithika, utaambiwa kwamba ni yule mzee aliyewafukuza wakwe wa kutoka Embu bila kufungua mdomo. Watakusimulia huku wakicheka, na kila mmoja atatia chumvi yake. Mmoja atasema alitema mate chini. Mwingine atasema alikuwa amelewa, yaani Mithika ambaye hajaonja pombe tangu alipobatizwa akiwa kijana. Usiwasikilize. Watu hupenda hadithi fupi, na hii si fupi.

Kwa miaka ishirini na minane Mithika alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani ya chai. Ni kazi ya kusimama mpaka lori la kiwanda lije, na lori likiamua kuchelewa unasimama mpaka giza. Hakulalamika. Alikuwa mtu wa maneno machache na hesabu safi, na akina mama waliokuwa wakibishana naye kuhusu mizani ndio hao hao waliojaa uani kwake siku alipomzika mkewe, Ntinyari. Hiyo ni miaka mitano sasa. Ntinyari alimwachia nyumba ya vyumba vinne, ng'ombe mmoja na binti mmoja, Kananu. Tangu siku hiyo, sauti pekee iliyosikika ndani ya nyumba ile kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi ilikuwa ya redio.

Alikuwa na sukari pia. Sukari aliipata kabla hajastaafu, na aliipokea kama mtu anavyompokea mgeni msumbufu wa upande wa mke: hakumpenda, lakini alimwandalia mahali. Alikunywa vidonge vyake asubuhi na jioni. Aliacha mkate akala nduma. Chai hakuiacha, maana kumwambia mtu wa mlima ule aache chai ni kumtukana, lakini aliinywa bila sukari, nzito, kikombe juu ya kikombe, asubuhi, mchana na kila baada ya chakula. Jumanne moja ya kila mwezi alikwenda kliniki, akapimwa, akasifiwa, akarudi.

Kisha, mwaka juzi, mvua za Oktoba zilipoanza, miguu ikaingia wazimu.

Alikuwa ameketi jioni akisikiliza habari, mara akahisi kitu kinatambaa ndani ya mashavu ya miguu. Hayakuwa maumivu. Kama yangekuwa maumivu angejua pa kuyashika. Kilikuwa kitu kama chungu wanaohama, si juu ya ngozi ambako ungewapangusa, bali ndani kabisa, karibu na mfupa, na kadiri alivyotulia ndivyo walivyozidi. Alinyoosha miguu, akaikunja, akaikanda. Wapi! Akainuka akatembea hatua kumi, wakatoweka wote. Akakaa, wakarudi wote. Mchana walikuwa wapole, mtu angesema hawapo. Jua likianza kushuka wanaamka, na mtu akilala ndiyo wanafanya sherehe.

Ungedhani angemwambia muuguzi. Muuguzi mwenyewe, Sista Hodo, aliyekulia mji wa Maua kwa baba mwenye malori, hakuwa mtu wa kuogopwa. Kila Jumanne alimaliza kumpima kisha akauliza, "Na miguu, mzee?"

"Miguu iko sawa kabisa," Mithika alijibu, akiwa ameikaza chini ya kiti kama mwanafunzi anayeficha kitu.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe iliitwa Kaberia. Kaberia ni kaka yake mkubwa, naye ana sukari, na miaka minne iliyopita alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Hadithi aliyoijua Mithika ilikuwa hivi: Kaberia alikwenda kliniki, akasema mguu unamsumbua, akapelekwa hospitali kubwa, akarudi na magongo. Basi Mithika akapiga hesabu yake kimyakimya: ukitaja mguu, unakatwa. Alikuwa amepima majani maisha yake yote bila kukosea kilo, lakini hesabu hii aliikosea, na hakumwonyesha mtu aikague.

Kwa hiyo akaanza kujiondoa mahali penye viti. Kanisani, kwenye ibada ya jioni, alihamia benchi la mwisho, kisha akahamia mlangoni, kisha akahamia nyumbani. Dukani kwa Gitari, ambako wazee hucheza drafti jioni kwa vifuniko vya soda, alijaribu kucheza akiwa amesimama, mpaka wakamwambia anawafunika mwanga. Akaacha. Kwenye matanga alizunguka nyuma ya hema, watu wakadhani yuko kwenye kamati ya jikoni. Hakuna aliyemuuliza kulikoni. Watu hawaulizi, huamua. Waliamua kwamba pensheni imempanda kichwani, kwamba tangu mke afe amekuwa na maringo, na baada ya hapo wakamwacha na maringo yake.

Basi jioni za Mithika zikawa hizi: kutoka zizini mpaka langoni, kutoka langoni mpaka nyuma ya migomba, kutoka migombani mpaka zizini. Alikula sahani ikiwa mkononi, akitembea. Alimsemesha ng'ombe. Alisikia kicheko kikitoka dukani kwa Gitari, ng'ambo ya barabara, akajua kwa sauti nani amemla nani drafti, na alitamani kuwa pale. Alikuwa mpweke, na hakuna neno lingine la kulitafutia jambo hilo.

Ijumaa ndiyo iliyomshikilia. Kananu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Meru mjini, akiishi chumba cha kupanga karibu na Kinoru, na kila Ijumaa jioni alikuja nyumbani na mfuko wa mboga na mdomo wa habari. Alipika, akafua, akamgombeza baba yake kuhusu soksi zilizotoboka, akaondoka Jumapili alasiri. Mithika aliishi siku zile mbili na nusu, halafu akaingoja Ijumaa nyingine. Hata yeye hakumwambia. Alijikaza kisabuni mpaka binti aende kulala, ndipo akatoka nje kuzunguka.

Desemba iliyopita Kananu alimwambia kwamba kuna mtu. Anaitwa Ndwiga, fundi wa mabomba ya maji, kwao Embu, na nyumba wameshaipata huko huko Embu, na shule ya kuhamia pia imeshapatikana.

"Ni vizuri," Mithika alisema, akatoka kwenda kumwangalia ng'ombe.

Alipomwona huyo Ndwiga mambo yakawa magumu zaidi, maana alimpenda. Kijana mpole, aliyeona bomba la jikoni linavuja akalitengeneza kabla hajanywa chai. Lau angekuwa mjinga, Mithika angepata pa kushika. Lakini Embu si Kinoru. Kutoka Embu huji kila Ijumaa na mfuko wa mboga. Mithika alilijua hilo na hakulisema, na Kananu alimwona akilijua, naye hakulisema pia.

Wakwe walipangiwa Jumamosi ya pili ya Februari, saa nne asubuhi. Hapa ni lazima nikueleze desturi ya huko. Siku ya ruracio, yaani ya kuleta posa na mahari, baba wa msichana hana kazi ya kusema. Anayesema ni msemaji wa ukoo, na msemaji alikuwa Kaberia, ambaye mguu ulipokwenda ulimi ulibaki na nguvu za wawili. Kazi ya baba ni kukaa. Hukaa aonekane amekaa, na mwisho kabisa huulizwa swali moja: unatukubali? Akijibu akiwa ameketi, mambo yamekwisha. Lakini swali likishawekwa, yeye akasimama akatoka bila kujibu, hakuna haja ya kumuuliza mara ya pili. Amejibu kwa miguu.

Saa nne asubuhi Mithika angeweza. Asubuhi chungu walilala. Lakini gari la wageni liliharibika Chuka, na walipofika ilikuwa saa kumi jioni. Halafu wakala, na mukimo na nyama haviliwi kwa haraka. Halafu Kithaka, mjomba wa Ndwiga na msemaji wao, akaanza, na Kithaka alikuwa mmoja wa wale wanaoanzia mbali.

"Wazee wa Meru, sisi tumetoka ng'ambo ya mto Thuchi," alisema kwa Kiswahili, ili Wameru na Waembu wasikie sawasawa. "Tulikuwa tukipita tu hapa, safari zetu, tukaona ua moja kwa shamba yenu. Tukasema, haki, hii ua hatuwezi pita bila kuuliza."

"Maua hapa ni mengi," Kaberia akajibu, akifurahia. "Kuna ya kahawa, kuna ya maharagwe. Mnasema gani?"

Watu wakacheka. Mithika naye akacheka, lakini miguu ilikuwa imeanza.

Alijaribu. Namtetea kwa sababu najua alijaribu. Alikanyaga kidole cha mguu mmoja kwa kisigino cha mwingine. Aliuma shavu kwa ndani. Mara ya kwanza alinong'ona kwamba anakwenda kumfunga ng'ombe, akazunguka mgombani mara tatu, akarudi. Mara ya pili alisema ng'ombe tena, na Kaberia akamkata jicho. Kithaka aliendelea. Alieleza ukoo wao, akaeleza babu aliyekuwa na mizinga ya nyuki, akaeleza jinsi Ndwiga alivyosoma. Jua lilikuwa linagusa migomba. Ndani ya miguu ya Mithika chungu walikuwa wanahama nchi nzima, na jasho lilimtoka kama mtu mwenye homa.

"Basi," Kithaka akasema, akamgeukia. "Baba wa nyumba hii, swali letu ni moja. Unatukubali?"

Neno lilikuwa mdomoni. Naapa lilikuwa mdomoni. Lakini mwili ulimwinua kabla ya neno kutoka, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshapita mlango, ameshavuka ua, yuko nyuma ya migomba akitembea, akitembea, akipumua kama aliyetolewa majini.

Aliporudi, labda ni dakika nne tu, Waembu walikuwa wamesimama na makoti wameshavaa. Mtungi wa asali waliokuja nao, ule unaofunguliwa wakwe wakikubaliwa, ulikuwa umeshafungwa tena kwa kitambaa. Kithaka hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mzee, tumesikia," alisema. "Hakuna ubaya."

"Sijasema kitu," Mithika alisema.

"Ndiyo. Tumesikia."

Ndwiga alimpa mkono bila kumtazama usoni. Gari likawaka, likashuka, na taa zake zikapotea kwenye kona. Mtungi wa asali kurudi Embu ukiwa umejaa! Kijiji kizima kilijua kabla ya sufuria kuoshwa.

Kananu alimsubiri jikoni. Alikuwa amelia mpaka amemaliza.

"Baba, kama hutaki niolewe si ungesema tu?"

"Si hivyo. Ni miguu."

"Miguu? Miguu gani?"

"Haiwezi kukaa. Jioni haiwezi. Kuna kitu kinatembea ndani."

Kananu hakumwamini. Baba yake hakuwahi kutaja miguu hata siku moja, na sasa, usiku huu, ndipo ilipozaliwa.

"Hata kudanganya hujui," alisema polepole. "Unataka nikae hapa nikuchunge mpaka na mimi nizeeke. Sema tu, baba. Angalau niheshimu useme."

Asubuhi Kananu aliondoka kabla ya chai.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Wala nyingine. Baba yake akipiga simu, Kananu alisema yuko darasani, hata siku ya Jumamosi. Mithika alipika chakula cha watu wawili kwa wiki tatu, na cha pili akampa mbwa wa jirani. Kilichomtesa zaidi haikuwa hasira ya mtoto. Ni kwamba kila alipozunguka migomba ile alijiuliza kama kweli ilikuwa miguu peke yake, na hakupata jibu lililomridhisha.

Wiki ya nne akaja Kaberia, juu ya pikipiki, magongo yamefungwa ubavuni. Alishuka kwa tabu, akakataa kusaidiwa, akaketi kwenye benchi la ukumbini, na hakusalimia.

"Mimi nina mguu moja," alisema. "Moja! Na nilikaa hapo masaa matatu, namsikiliza huyo Mwembu na nyuki za babu yake. Wewe uko na mbili na umeshindwa. Umeniaibisha, Mithika. Umeaibisha hata Ntinyari huko aliko."

Kumtaja Ntinyari kulimvunja. Mithika alikuwa amesimama, kama kawaida yake, akishika nguzo, na machozi yalimtoka kama ya mtoto. Akasema yote. Chungu. Jioni. Kanisa, drafti, sahani mkononi. Akasema jinsi anavyomdanganya Sista Hodo kila mwezi.

"Kwa nini umdanganye?"

"Wewe ulisema, wakakukata."

Kaberia aliyalaza magongo chini.

"Nani alikwambia nilisema?"

"Watu wote wanajua."

"Watu wote hawajui kitu," Kaberia alisema. "Nilikuwa na kidonda hapa chini ya dole gumba. Msumari ulinidunga shambani na sikusikia, sukari ilikuwa imeua mguu. Nikakificha ndani ya viatu vya gambuti miezi minne. Miezi minne, Mithika. Mke wangu aliuliza hiyo harufu ni ya nini, nikamwambia ni gambuti mzee. Siku nilibebwa hospitali, daktari alisema ningekuja mapema wangeosha tu na dawa. Hawakunikata kwa sababu nilisema. Walinikata kwa sababu nilinyamaza. Aibu ilinishika kuwaambia hivyo, nikawaacha waseme wanavyotaka."

Ng'ombe alilia zizini. Ndugu wawili wazee wakabaki pale, mmoja ameketi na mmoja amesimama, kila mmoja na uongo wake aliouzeesha bure.

Jumanne iliyofuata Sista Hodo alipouliza, "Na miguu, mzee?" Mithika alipiga moyo konde akasema, "Miguu si sawa." Kisha akafumba macho, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

Hakuna aliyechukua msumeno. Sista Hodo alimvua viatu na soksi, zilizotoboka vilevile, akamgusa nyayo kwa kipande cha uzi wa plastiki mahali baada ya mahali, akimwambia aseme akihisi. Alihisi kila mahali. Akaulizwa maswali ambayo hakudhani mtu mwingine duniani anaweza kuyajua. Inaanza ukitulia? Ndiyo. Ukitembea inaacha? Ndiyo. Jioni ni zaidi? Ndiyo, ndiyo. Alitaka kumshika mkono. Zaidi ya mwaka alidhani ni yeye peke yake.

"Mzee, hii kitu ni ugonjwa na iko na jina," Sista Hodo alisema. "Ni ugonjwa wa miguu isiyotulia. Wengi wanaipata bila sukari, lakini watu wa sukari inawatafuta zaidi. Sukari ikikaa juu inachokoza mishipa ya fahamu. Na damu ikikosa madini ya chuma, inazidi. Hii haikatwi. Hakuna kitu ya kukata hapa."

"Haikatwi," Mithika alirudia.

"Haikatwi. Lakini ungeniambia mwaka juzi, baba, ungekuwa umelala usingizi mwaka juzi."

Walimtoa damu. Majibu yakaja: akiba ya chuma mwilini ilikuwa karibu kuisha. Sista Hodo aliuliza anakunywa nini na chakula, na aliposikia habari ya chai, kikombe juu ya kikombe, akatikisa kichwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Basi mtu aliyepima majani ya chai miaka ishirini na minane akaambiwa aisogeze chai mbali na sahani, saa nzima kabla au baadaye. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, na daktari akamwandikia kidonge kingine cha jioni cha kutuliza mishipa. Akaambiwa achunge sukari zaidi, awe na subira, na asitegemee miujiza ya wiki moja.

Kaberia ndiye aliyempigia Kananu simu. Sijui alimwambia nini, ila Ijumaa ile mlango ulifunguliwa na mfuko wa mboga ukawekwa mezani. Hakuna aliyesema pole. Jioni ilipofika, Mithika hakungoja binti alale. Alisimama mbele yake na sahani mkononi, akala akitembea, kutoka dirishani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka dirishani, huku uso umemshuka kwa aibu. Kananu aliacha kijiko.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Oktoba."

"Nilikuwa hapa kila Ijumaa, baba."

"Nilikuwa nakungoja ulale."

Kananu alichemsha maji, akaleta karai, akamkalisha na kuikanda ile miguu ndani ya maji moto mpaka maji yakapoa. Alilia, na alikasirika, na alimwita baba yake majina ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Kisha akampigia Ndwiga.

Ruracio ya pili ilipangwa mwezi wa Juni. Waembu walilala Nkubu usiku wa kuamkia siku hiyo ili gari lisiwaangushe, na saa tatu asubuhi walikuwa langoni. Vidonge vilikuwa vimeshafanya kazi yake. Kwa wiki tano Mithika alikuwa akilala mpaka jogoo. Alikuwa amerudi hata kwenye drafti, akakaa, akafungwa mara nne mfululizo, akafurahi.

Kithaka aliingia akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, tumeambiwa," alisema. "Leo ukisimama, na sisi tutasimama. Ukienda kwa migomba, tutaenda wote kwa migomba. Tutaongea tukitembea, hakuna shida."

Watu walicheka vizuri, kicheko cha watu waliosameheana. Safari hii Kithaka hakuanzia mbali sana. Nyuki wa babu walipita kwa haraka. Chai ililetwa baada ya chakula, na kikombe cha Mithika kilirudishwa jikoni bila kuulizwa. Kananu alikuwa ameketi upande wa pili wa chumba, amefunga lesso mpya, na Ndwiga alikuwa amemkazia Mithika macho kama fundi anayetazama bomba lisije likapasuka.

"Basi, baba wa nyumba hii," Kithaka alisema. "Unatukubali?"

Watu wote, Kaberia, Ndwiga, Kananu, hata akina mama waliosimama mlangoni, waliangalia miguu yake.

Mithika naye aliisikiliza. Ilikuwa imetulia. Hakuna kilichotambaa, hakuna kilichohama. Angeweza kukaa pale mpaka jua litue na kuchomoza tena. Na ndani ya utulivu ule akahisi kwamba kila kitu kingine mwilini mwake kilitaka kusimama. Moyo ulitaka kutoka nje. Kifua kilitaka migomba. Alitaka kuinuka, kupita mlango ule, kutembea mpaka mtungi wa asali ufungwe tena kwa kitambaa na gari lishuke na Kananu abaki jikoni akimgombeza kuhusu soksi. Akaona wazi, pale pale, mbele ya wageni, kwamba mtoto wake siku ile ya Februari hakuwa amekosea yote. Aliisihi miguu imsaidie mara moja tu. Haikumjibu.

Alimtazama Kananu. Kananu alikuwa ameacha kuangalia miguu, sasa alikuwa anamwangalia yeye, usoni, na hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kuwa anajua.

"Tumekubali," Mithika alisema.

Vigelegele vikapigwa, watu wakainuka wote kwa pamoja, wakakumbatiana, wakatoka uani kwenye jua ambako mtungi ulikuwa unafunguliwa. Mithika alibaki peke yake ndani, ameketi.